Bomba Nililolikereza Mwenyewe

Jumapili, baada ya Laasiri. Gombani. Mawingu yamekaa juu ya mabati tangu alfajiri, mvua haishuki na jua halitoki. Na mimi ndivyo nilivyo.

Nina hasira na chuma, na mpira, na upepo, na kunguru wote wa kisiwa hiki. Zaidi ya hayo nina hasira tangu Alhamisi na mtu mmoja ambaye leo nimejua hana kosa. Hili la mwisho ndilo lililonikalisha niandike.

Kwa anayeingia ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Kazi yangu ni kuzuia gesi isitoke pale isipotakiwa kutoka. Kwa miezi sasa ninaunda bunduki ya upepo, ile ambayo upepo wake hushindiliwa kwanza ndani ya bomba chini ya mtutu, halafu kila ukifyatua hutoka kidogo na kuisukuma risasi. Mtutu ulikuwa wa bunduki kuukuu yenye kibali, na kibali kimehamishiwa kwangu kwa sababu ya kunguru. Kitako nimekichonga kwa mti wa mfenesi. Bomba la zamani lilikuwa limeliwa na kutu, nikatafuta kipande cha bomba la chuma kisichoshika kutu, nikalikereza mwenyewe, nikalitia nyuzi za skrubu huku na huku na vifuniko viwili.

Picha za kitako niliziweka hapa na mkanisifu. Picha za bomba niliziweka pia. Hakuna aliyesema neno juu ya bomba, nami nikachukulia kimya kile kuwa ni sifa.

Sababu ya yote ni mama mkwe wangu, Bi Time, anayekaa Gando. Kuku wake wakiangua, kunguru wanajua kabla yake. Wanakaa juu ya paa la jiko wakisubiri mama kuku ageuze shingo, na kifaranga amekwenda. Wamemchukulia mayai, wamemchukulia sabuni ya kufulia, na siku moja walimchukulia kipande cha samaki changu mkononi mwa mjukuu. Bi Time hakuniomba kitu. Mimi mwenyewe nilisema, mbele ya mke wangu Raya na ndugu zake wote siku ya Idi, kwamba kunguru hao niachiwe mimi.

Ningejua kunyamaza siku ile, leo ningekuwa nimelala usingizi wa mchana.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuvuja. Nilijaza kwa pampu ya mkono, ile ndefu ya kukanyaga chini na kushindilia kwa mikono miwili mpaka mgongo unalia. Nikifika nusu ya kiwango naridhika, naiweka bunduki chini ya kitanda maana ndiko mahali pekee penye kufuli. Asubuhi natazama geji, mshale umeshuka. Nikabadilisha pete za mpira. Ukashuka. Nikabadilisha vali. Ukashuka. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo, kama nifanyavyo kwenye friji za watu, nikainama na tochi mdomoni kutafuta hata bubujiko moja. Wakati mwingine liko kwenye kifuniko cha nyuma, wakati mwingine halipo kabisa. Nikakaza zaidi. Usiku mwingine ukatulia, usiku mwingine ukashuka.

Raya aliniuliza siku moja kama kitu kile kinaweza kupasuka. Nikamwambia mimi ni fundi. Sasa nikifikiri, hilo halikuwa jibu la swali lake.

Tatizo la pili lilikuwa risasi zenyewe. Kwa sababu upepo haukuwa wa kutosha, risasi ya kwanza inakwenda unapotaka, ya pili inashuka kidogo, ya tatu inakwenda kutafuta miguu ya shabaha. Nikafungua regyuleta inayopima upepo wa kutoka, nikafunga. Nikalegeza springi ya nyundo, nikakaza. Kila nilichorekebisha kiliharibu nilichorekebisha jana yake. Kuna jioni nilikaa kwenye banda langu nimeshika bisibisi bila kujua niiguse skrubu gani.

Wiki iliyopita nikashindwa kuvumilia, nikaipeleka Gando hivyo hivyo. Bi Time alitoa mkeka, akaketi mlangoni na majirani zake wawili, kama watu waliokuja kutazama ngoma. Nikapiga dafu moja lililowekwa juu ya kisiki, nikalipata katikati. Wakaguna kwa kuridhika. Kunguru akatua paa la jiko, nikalenga, nikafyatua, risasi ikagonga ukuta chini ya paa. Kunguru hakuruka. Alisogea hatua moja pembeni, akanitazama kwa jicho moja. Nikafyatua tena. Ikatoka sauti ya mtu mwenye mafua.

"Baba," akasema Bi Time kwa upole, "hino yako yakohoa tu."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Walinikaribisha uji, tukazungumza habari za karafuu, na kunguru akaendelea kutembea juu ya paa kama mwenye nyumba.

Nilirudi nimeamua kwamba kosa ni pampu. Bunduki nzuri, fundi mzuri, upepo mchache. Nikitia upepo kamili mara moja tu, nikaipima ikiwa imeshiba, kila kitu kitakaa sawa. Na upepo kamili hapa Pemba anao Hamad.

Hamad nimesoma naye chuoni, tumelala chumba kimoja, ndiye aliyenisindikiza siku ya kumposa Raya. Sasa anafanya kazi kwenye hoteli moja ya wapiga mbizi huko kaskazini, anajaza mitungi yao hewa kwa kompresa kubwa. Alhamisi nikapanda pikipiki na bomba langu ndani ya mkoba, limefungwa kwenye kanga ya Raya kama mtoto mchanga.

Alinipokea vizuri. Akalitoa kwenye kanga, akaligeuza, akatia kidole kwenye nyuzi, akaligeuza tena. Halafu akaniuliza muhuri wake uko wapi.

Nikamwambia halina muhuri, nimelikereza mwenyewe.

"Nimeuliza muhuri, Seif. Sikuuliza fundi."

Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kila mtungi anaojaza umegongwa muhuri wa kupimwa, na usio na muhuri haugusi, hata uwe wa meneja. Akasema bomba likapimwe kwanza kwa maji. Likishatiwa maji na kushindiliwa kupita kiwango chake bila kuharibika, nilirudishe, atanijazia kwa moyo mkunjufu. Akasema hata pampu ya kupimia mabomba anajua wapi naweza kuazima.

Nilipaswa kushukuru. Lakini nilikuwa nimetoka Gombani na jua lote lile, na sauti ya Bi Time ilikuwa bado masikioni. Nikaona huyu naye ananiona nakohoa. Wenzake wawili walikuwa pembeni wakiosha vifaa, na mbele yao nikamwambia kwamba kazi yake ni kufungua koki na kufunga koki, asinifundishe chuma.

Hamad alilifunga bomba kwenye kanga, polepole, akakunja pembe zote nne, akanipa.

"Nenda salama," akasema.

Hakunisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Tangu nimjue, Hamad hajaacha kunisindikiza.

Ijumaa na jana nilikaa na hasira yangu nikailisha. Nilimweleza Raya habari yote, ila ile kauli ya koki nikaiacha. Raya hakusema nani mwenye haki. Aliniuliza tu, kupima kwa maji ni kazi ngumu? Nikasema si ngumu, ni usumbufu. Akasema basi pima, uende ukamwoneshe. Hilo nililipenda. Nikajiona nimesimama mbele ya kompresa yake, bomba mkononi, zima, na yeye hana la kusema.

Kwa hiyo nataka ieleweke kwamba leo sikupima kwa ajili ya usalama wa mtu. Nilipima ili nimwaibishe rafiki yangu.

Asubuhi niliazima ile pampu ya mafundi bomba, wanayopimia mabomba ya maji kabla hawajafukia. Nikalijaza bomba langu maji mpaka hapana hewa hata chembe, nikalifukia kwenye mchanga nyuma ya banda, nikavuta mpira mrefu, nikakaa upande wa pili wa ukuta. Hayo yote niliyafanya kwa sababu Hamad alisema, na niliyafanya kwa kebehi, kama mtu anayevaa koti la mvua kiangazi.

Nikapampu. Mshale ukapanda. Ukapita pale ninapofika kwa pampu yangu ya mkono. Ukakaribia pale bunduki ilipotakiwa kujazwa siku zote, nami nikaanza kutabasamu peke yangu.

Haukufika.

Kulitoka sauti ndogo, kama ya mtu anayevunja kidole. Mshale ukaanguka mpaka chini. Basi. Maji hayarushi kitu, ndiyo maana hupimwa kwa maji. Mchanga haukutikisika hata kidogo. Jirani aliyekuwa akianika nguo uani kwake hakugeuza uso.

Nilifukua kwa mikono. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimesogea nje, kimeinama upande mmoja. Nyuzi nilizokata zilikuwa zimelala kama nyasi zilizokanyagwa, na ukingo wa bomba umefunguka ufa mwembamba unaoingia ukucha. Nilikata nyuzi kwa kina kupita kiasi, nikaacha ukuta mwembamba. Ndiyo maana lilikuwa likivuja leo na kesho halivuji. Si mpira wala vali. Chuma chenyewe kilikuwa kinatanuka kidogo kila nikijaza, na kila nikikaza kifuniko nilikuwa nakisaidia.

Nilikaa pale kwenye mchanga wenye maji. Nilianza kumfikiria Raya na kile kitanda, miezi yote ile, kichwa chake na bomba vimetenganishwa na godoro.

Kisha nikafikiria jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja tangu Alhamisi. Mtu anayejaza mtungi hakai nyuma ya ukuta. Husimama pale pale, mkono mmoja kwenye koki, mwingine kwenye mtungi, uso umeinamia geji. Angekubali, mimi ningekuwa kivulini nakunywa maji ya dafu. Yeye ndiye angekuwa amelishika.

Nilikwenda mpaka kaskazini kumwomba Hamad aweke uso wake juu ya kazi yangu. Alipokataa nikamtukana mbele ya wenzake.

Nilimpelekea Raya lile bomba jikoni. Alikuwa anakuna nazi. Akaacha, akafuta mikono, akatia ukucha kwenye ufa kama Hamad alivyotia kidole kwenye nyuzi.

"Hili ndilo lililokuwa chini yetu?"

Nikasema ndilo. Nikamwambia pia nilichomwambia Hamad, neno kwa neno. Sikupata adhabu niliyoitarajia. Alisema tu kwamba bunduki hairudi chumbani, na nimpigie simu Hamad kabla ya Magharibi, asilale na neno lile siku ya nne.

Nimempigia. Mara ya kwanza haikupokewa. Mara ya pili akapokea, na nyuma yake nikasikia mngurumo wa kompresa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Nikamwambia nimelipima.

"Likawaje?"

"Limefunguka. Kabla ya kufika kiwango."

Nikasikia akitembea, mngurumo ukawa mbali, mlango ukafungwa. Kisha akaniuliza Raya alikuwa wapi. Nikasema alikuwa ndani, salama, na mimi salama. Akasema alhamdulillahi, mara mbili. Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitakuja niseme mbele ya wale wale waliosikia.

Hakusema usijali. Hakusema yamekwisha. Alisema, "Njoo. Watakuwepo." Kisha akarudi kazini kwake.

Nimeridhika kwamba hakunirahisishia. Lakini hasira haijatoka, nitasema uongo nikisema imetoka. Imehama tu, imeacha watu wengine wote, imekaa kwangu. Miezi yote ile. Kitako kizuri kile, kinang'aa, na hakina kitu cha kubeba. Nitaagiza bomba lililotengenezwa na watu wanaojua, lenye muhuri wake, hata likikawia. Gando kuna vifaranga watakaoanguliwa wiki hii, na Bi Time ataniuliza kwa upole, na nitamjibu ukweli kwamba bunduki haipo. Sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mvua imeanza sasa hivi, matone makubwa, yanapiga bati kiasi kwamba adhana naisikia kwa mbali tu.

Kesho baada ya Alfajiri naelekea kaskazini. Neno nililolisema limetoka mbele ya watu, na itabidi nilichukue mbele ya watu. Mpaka sasa nimetunga sentensi ya kwanza tu: Hamad, mimi ndiye nisiyejua chuma.