Swali la Saba

Dada yangu,

Huku bwenini chuoni hatujambo. Nimepata kitanda cha juu, na mwenzangu wa chumba anakoroma kama jenereta. Lifti ni mbovu, kwa hiyo miguu yangu sasa ni chuma.

Ufunguo wa chumba hatukupewa hivihivi. Kwanza kila mmoja alikalishwa kwenye kompyuta asome somo la ridhaa na kuheshimiana, kisha ajibu maswali. Nilijua ni mambo ya kitoto. Swali la saba likauliza: "Mtu akiulizwa akanyamaza, amekubali?" Nikabonyeza "Ndiyo" bila kufikiri. Kompyuta ikaandika kwa rangi nyekundu: "Si sahihi. Jaribu tena."

Msimamizi wa bweni aliniuliza kwa nini nalia kwa swali moja tu. Nikamwambia macho yananiwasha.

Dada, siku walipokuja kukuposa, baba alinituma mimi chumbani nikuulize. Ulikuwa unakunja shuka. Uliikunja, ukaikunjua, ukaikunja tena, wala hukunitazama. Nikakimbia sebuleni nikasema, "Amenyamaza." Wote wakacheka kwa furaha, baba akasema kunyamaza ni kukubali, nami nikapewa soda.

Mara ya pili nilipatia, na ufunguo ninao. Wewe hukuulizwa mara ya pili. Basi nakuuliza leo, ingawa miaka sita imepita: ulitaka?

Ukinyamaza, safari hii nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, yule mliyemwita
Kiherehere