Chumvi Uliyoibadili

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo na cherehani zako. Sisi hatujambo, ila magoti ya mama mkwe yanamsumbua na shemeji yako anakohoa. Mwanangu Mpole yupo. Juzi alibeba ndoo mbili za maji bila kumwaga hata tone, tukampigia makofi.

Nakuandikia kwa sababu simu ya hapa nyumbani ina masikio mengi. Binti yangu ana mimba ya miezi mitatu. Mumewe yuko safarini na malori, na zahanati yetu haina daktari. Nakuomba umpokee mpaka ajifungue, maana hospitali kubwa iko mlangoni kwako. Najua hatujaishi kindugu miaka yote hii. Yaliyopita si ndwele.

Neno moja tu, usilichukulie vibaya. Mtoto akizaliwa, mwache mama yake ambebe mwenyewe. Shemeji yako ndiye aliyesisitiza. Unanielewa.

Ni mimi,
Dada yako


29 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi zipo, sare za shule zimenifika shingoni. Poleni na kikohozi.

Mgeni wako amefika salama na ameshanipindua nyumba. Siku ya kwanza tu alichungulia kopo langu la chumvi ya mawe, akalimwaga jalalani. "Mama mdogo, hii kwetu haiingii jikoni! Mama hununua ya pakiti tu, yenye madini joto." Nikamuuliza, umekuja kuzaa au kukagua? Tulicheka mpaka wateja wakachungulia dirishani.

Sasa dada, kaa kitako kwanza. Jana kliniki daktari alimuuliza kama kwao kuna mtoto aliyezaliwa na matatizo. Akamweleza habari za kaka yake Mpole: masikio mazito, maneno ya kuhesabu, kimo cha mtoto wa darasa la tatu ilhali ana miaka ishirini na saba. Daktari akauliza, "Mama yenu ana uvimbe shingoni?" Mwanao akasema anao, huufunga kitambaa.

Basi yule daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba mjamzito anahitaji madini joto ili tezi ya shingoni ifanye kazi. Miezi ya mwanzo mtoto hutegemea tezi ya mama. Baadaye yake huanza, nayo inataka madini yale yale. Yakikosekana sana, ubongo haukui inavyotakiwa, masikio hayakamiliki, kimo kinadumaa. Nikamuuliza: "Na mtoto wa miezi mitano akianguka kizingitini, akavimba paji la uso?" Akasema uvimbe wa hivyo huisha kwa wiki moja. "Kwa dalili hizi, na shingo ya mama yake, huyu alidhurika kabla hajazaliwa."

Dada, si mimi! Miaka yote hii nimelala na kishindo kile masikioni, cha Mpole kuniponyoka mikononi. Wala si wewe, hukujua. Nani angetuambia? Nijibu upesi, uniambie umefurahi.

Mdogo wako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote mnaendelea vizuri.

Miezi miwili, hakuna jibu. Nilidhani barua imepotea. Lakini mwanao alipokupigia ulimwambia umeipata, kisha ukageuza maneno yakawa ya mvua.

Jana nilikuwa napinda sketi, lile kopo la chumvi likanijia kichwani. Nikamuuliza mwanao, "Mama alianza lini kununua ya pakiti?" Akajibu bila kuwaza: "Tangu ana mimba yangu. Bibi alimsema kwamba anaringa, lakini alishikilia."

Mimi nilipoishi kwako tulipikia ya mawe. Nilikuwa naiponda kwa mikono yangu. Mlinifukuza Mpole akiwa na miaka mitatu, na mwanao akazaliwa mwaka uliofuata. Basi niambie: nani alikwambia ubadili chumvi? Na lini?

Sitaki habari za mvua.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Salamu juu ya salamu. Sisi wazima, sijui wewe.

Ni kweli. Mpole alipotimiza miaka mitatu nilimpeleka hospitali, ile siku niliyokuaga nakwenda sokoni. Daktari alinishika shingo, akanieleza yale yale mliyoelezwa ninyi. Akampa mtoto dawa, akasema tumechelewa, zitasaidia kidogo tu. Nikishika mimba nyingine, akasema, chumvi iwe ya pakiti.

Nilirudi nimeazimia kusema. Mlangoni nikamsikia mama mkwe: "Mwanamke aliyekuzalia huyu atakuzalia wengine kama yeye. Tafuta mwingine." Shemeji yako akajibu, "Mama, mtoto aliangushwa na yule msichana." Nikanyamaza. Wiki ile ile ukapandishwa basi.

Mimi sikuwa na pa kwenda. Wewe ulikuwa msichana, una mikono yako, ungepata maisha popote. Na si umepata? Una cherehani tatu.

Nakuomba usimwambie mwanangu. Mimi mwenyewe nitamweleza baba yake, kabla mtoto hajazaliwa. Naapa.

Dada yako


14 Septemba

Dada,

Mwanao amejifungua salama mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Alilia mpaka mlinzi wa getini akasikia. Walimchoma kisigino wakachukua damu, na jana majibu yametoka: tezi yake inafanya kazi sawasawa.

Nilikungoja. Juzi shemeji alipiga simu kutoa hongera, ikawekwa mezani sote tusikie. Swali lake la pili lilikuwa, "Mama yako mdogo hamshiki, sivyo?" Nikakusikia nyuma yake ukisema, "Hamshiki. Nilishamkanya."

Wao siwalaumu, hawakujua. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, ukanibeba mgongoni kutoka makaburini, ukaniambia sitakosa mama. Husemwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wewe ulinijua tangu nanyonya, na hukubakiza kitu. Kuna seremala alinisubiri miaka minne. Nilimwambia mimi si mtu wa kukabidhiwa mtoto. Akaoa kwingine, ana wanne. Na wewe siku zote hizo ulikuwa unajua.

Nimemwambia mwanao. Alinyonyesha mpaka mtoto akaachia titi. Kisha akainuka, akaniwekea mtoto mikononi, akaenda kuoga. Nikakaa sakafuni kabisa, asiwe na pa kuangukia. Akalala. Mama yake alikawia bafuni makusudi.

Asubuhi ya leo nimeandika barua mbili. Ya pili ni ya shemeji, imekuja kwa basi hili hili. Nimemwambia kondakta amkabidhi yeye mkononi, si wewe.

Mwambie Mpole nakuja kumwona.

Mama mdogo wa wanao