Picha Mpya, Linux Ileile

Swahiba, naapa kwa miwani yangu, humu hakuna chumvi hata punje.

Unakumbuka nilivyotamba kwamba nimeziwekea kompyuta zetu mbili za nyumbani Linux mpya, yaani ule mfumo unaoziendesha, peke yangu, kabla chai haijapoa? Mama watoto hakuamini. Tukawekeana dau: atakayeumbuka ataosha vyombo mwezi mzima.

Basi leo kaja shemeji, yule mwalimu mstaafu anayejiona anajua kila kitu. Nikamwashia kompyuta yangu, nikamwonyesha picha mpya iliyojaa kioo kizima, eti ndiyo Linux mpya. "Tazama kazi ya fundi! Wewe hata saa ya ukutani unarekebishiwa na mkeo."

Nikajua nimemmaliza!

Mara mama watoto akatokea jikoni. "Injinia, hebu fungua pale panapoonyesha toleo."

Toleo! Nikakohoa. Nikasema intaneti imegoma. "Hapo intaneti haihitajiki," akasema, akabonyeza mwenyewe.

Toleo la zamani. Lilelile!

Swahiba, nilikuwa nimebadilisha picha tu. PICHA TU.

Akafungua ya kwake: toleo jipya. Kaliweka jana asubuhi, kasoma maelekezo, kahifadhi mafaili yake kwanza, mimi niko kwenye kochi nakoroma. Kumbe alikuwa anasubiri shahidi!

Shemeji kacheka mpaka machozi. "Fundi gani huyu? Huyu ni mpaka rangi tu!"

Nakuandikia kwa kidole kimoja, vingine vina povu. Na huyo shemeji amebaki kula, makusudi, kwa sahani tatu.