Sauti Isiyotajwa kwenye Lebo

Jumamosi, 8 Machi
Kipindi kimekwenda vizuri. Santuri tisa, malalamiko mawili tu ya wanaotaka taarabu. Redio yetu ya mtandaoni ni ya Waswahili wa Langley Park, hapa Marekani, na jirani zao, lakini saa hii ni yangu. Napenda wanawake walioimba mbele ya zile bendi kubwa za Kimarekani, tarumbeta chungu nzima nyuma yao na majina yao hayapo. Lebo inamtaja kiongozi wa bendi, kisha "pamoja na mwimbaji". Basi. Kazi yangu kuwatambua kwa sauti.

Ya nne leo nimesema mwimbaji ni Rosalind Tate. Akapiga simu mwanamke, Kiswahili kimenyooka kama cha darasani: "Samahani, Bi Mwanaidi. Aliyeimba ni mama yangu." Nikamshukuru, nikaweka wimbo mwingine. Kila familia hapa ina bibi aliyewahi kuimba.

Jumapili, 9 Machi
Barua pepe ya yule mwanamke. Anaitwa Denise, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, alijifunza Kiswahili chuoni na hakukiacha. Mama yake, Viola, ana miaka tisini na saba. Wanakaa Greenbelt. Anasema Rosalind aliugua koo siku ya kurekodi, akaitwa Viola, msichana wa miaka kumi na minane, azibe pengo. Alasiri moja tu. Akapewa santuri yake, kisha akaolewa na shemasi asiyetaka muziki wa dansi nyumbani. Santuri imekaa kabatini chini ya mashuka miaka yote. Hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe. Marehemu mumewe alikuwa akimtania mbele za watu kwamba kuimba kule aliota tu.

Na jana mimi nikamkatia binti yake simu kwa heshima. Nimeudhika. Sijui na nani.

Jumatano, 12 Machi
Nimetoka kazini famasia, miguu inawaka moto. Nimeisikiliza mara kumi na moja. Ni Rosalind. Namjua anavyomaliza mstari, taratibu, kama anayefunga mlango mtoto amelala. Simwombi mtu radhi.

Jumamosi, 15 Machi
Sikuutaja wimbo ule hewani. Denise hakupiga. Kila wimbo nilikuwa natupia jicho simu.

Mukendi, fundi mitambo wetu, aliwahi kufanya kazi studio Lubumbashi. Nikamsimulia. "Mama, uliangalia namba ya prise, ile ya kuonyesha ni rekodi ya ngapi? Zamani bantu balikuwa banarekodi wimbo moja mara mbili, mara tatu." Nikamjibu masikio yangu yananitosha. Kiburi kitupu. Nikamwandikia Denise kwamba kesho naenda kwao na mashine yangu ya santuri.

Jumapili, 16 Machi
Basi limezunguka sana kwa sababu ya ujenzi wa reli. Mashine mapajani, santuri kifuani. Viola ni mdogo wa umbo, rangi ya mdomo imekaa sawasawa. Alikuwa ananisubiri tangu walipotoka kanisani.

Nikapiga yangu. Ubeti mmoja tu, akainua mkono. Akasema kwa Kiingereza kwamba huyo si yeye. Ni Rosalind, na koo linasikika linavyomuuma.

Nimeshinda. Sijawahi kushinda vibaya hivyo. Viola akaanza kunyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimeshanyooka. Akasema labda rekodi yake waliitupa, wakatoa ya Rosalind tu. Denise akanivuta jikoni, akaniomba tusiiguse ile ya kabatini. "Akimsikia Rosalind tena, ataamini kweli aliota."

Nilishavaa koti. Nikakumbuka maneno ya Mukendi. Nikaomba kuiona tu, bila kuipiga. Lebo ileile, rangi ileile. Lakini kando ya lebo, kwenye santuri yenyewe, kuna namba ndogo za kukwaruzwa. Yangu inaishia na moja. Yao, mbili. Na ni mimi ninayewaambia wenzangu wapenda santuri watazame hapo kwanza. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Tulimweleza. Akasema piga.

Sauti nzito zaidi, changa, inavuta pumzi katikati ya mstari. Sijawahi kuisikia maishani. Viola hakulia. Alikaa wima dakika zote tatu, viganja juu ya magoti. Wimbo ulipokwisha akasema mstari wa pili aliingia mapema. Aliyelia ni Denise, na mimi kidogo. Nikaomba radhi. Viola akanikatia pai ya viazi vitamu, nikala vipande viwili.

Jumamosi, 22 Machi
Nimesema hewani: "Wimbo huu uliimbwa mara mbili. Mimi nilijua mmoja tu. Anayeimba leo ni Viola Gaines." Jina la usichana, amelichagua mwenyewe. Mukendi aliipitisha santuri kwenye mitambo yake, mikwaruzo ikapungua. Msikilizaji wa mji wa Falls Church amepiga kuuliza kama mama huyo ana nyimbo nyingine. Hana.

Denise ameandika jioni. Mama yake ameridhika, ila ana ombi: Jumamosi ijayo nipige na ile ya Rosalind, watu wasije wakadhani Rosalind hakuimba. Anasema alasiri ile ya kurekodi Viola alikuwa anatetemeka, hawezi kusoma maneno. Rosalind, sauti imemkauka, alisimama pembeni yake akamshikia karatasi mpaka mwisho.