Sista Amejifungulia Sandukuni

Kibosho,
Moshi.
Jumapili, 16 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa Filemon,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana najua ukiufungua mwandiko huu mdomo wako utasema shikamoo dada hata kama uko peke yako karakana nzima. Hujambo lakini? Mgongo je, bado unakukamata ukilala chini ya magari ya watu? Sisi huku tu wazima. Mkeo Hilda ni mzima, ng'ombe wote wawili ni wazima na yule mweusi ameongeza maziwa, mibuni imebeba kuliko mwaka jana. Baridi imeshuka, leo ni siku ya sita hatujauona mlima. Binti yenu Pamela alipiga kwa simu ya matroni kutoka shuleni Machame. Anasema mitihani inakwenda vizuri, na aliuliza habari za paka kabla hajauliza zetu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu unayo na mimi ninayo. Nimegundua kwamba kwenye simu mimi husema "nzuri tu" na kukata. Kwenye karatasi mtu hawezi kusema "nzuri tu" kurasa tatu. Barua hii anakuletea Primus, kijana wa Mzee Melkior, anayerudi Dodoma kesho.

Nianze na paka, kwa sababu mambo mengine yote yametokea kwake. Unajua Pamela alimwita Sista kwa vile ana rangi ya majivu mwili mzima, na utepe mweupe umezunguka uso kama mtawa. Tumbo lilipoanza kuonekana, jirani yetu Urbanus hakutupa nafasi ya kupumua. Kila asubuhi akipita na mzigo wake wa majani aliuliza kama Mama Mkuu wa shirika ameshapewa taarifa. Hilda alimjibu kwamba shirika la huyu halina nadhiri, na kama anataka kujua baba ni nani, amwangalie dume lake la manjano linalolala kutwa juu ya banda. Siku hiyo alipita mbio na majani yake.

Hilda alinikabidhi mimi kazi ya kumwangalia Sista. Mwaka jana alizalia migombani bila mtu kujua, na siafu waliwamaliza watoto wote usiku ule ule. Pamela alilia wiki nzima. Kwa hiyo safari hii ilikuwa lazima tujue siku, na tumpate kabla hajajificha.

Nilikuwa na elimu kidogo ya jambo hili. Katika maktaba ya shule kule Sikonge, nilikofanya kazi miaka ishirini na sita, kulikuwa na kitabu cha utunzaji wa wanyama ambamo paka alipewa kurasa nne. Wanafunzi hawakukiazima, basi nilikisoma mimi. Nilikumbuka kwamba paka hubeba mimba wiki tisa, kwamba siku moja au mbili kabla ya uchungu huacha kula, joto la mwili wake hushuka, chuchu huwa nyekundu na pengine hutoa tone la maziwa, na kwamba hutafuta mahali penye giza na joto akiparapara kama anayetandika kitanda. Niliyaandika kwenye kipande cha karatasi nikakibandika ukutani, Hilda akanicheka.

Hata hivyo Jumanne alimwita Urbanus kupata maoni ya pili, maana ndiye anayewazalisha ng'ombe wa kitongoji hiki. Urbanus alimshika Sista pembeni ya mkia, akabonyeza kushoto na kulia kwa uzito wa daktari, akasema bado sana. Ng'ombe akikaribia, alieleza, hapa hulegea mpaka panabonyea. Huyu amekaza, mpeni wiki. Nilimwambia huyu si ng'ombe. Akaniambia, "Dada, tumbo ni tumbo."

Jumatano Sista alikataa dagaa. Aliwanusa akageuka. Mchana mzima alizunguka: nyuma ya jiko la Hilda, ndani ya kapu la maharage, chini ya kitanda changu, akiparapara kila kona na kuondoka. Alijilamba nyuma mara kwa mara. Nikitoka chumbani alinifuata akilia. Nikikaa, alikaa juu ya miguu yangu. Nilimtandikia gunia safi ndani ya boksi, nikaliweka penye joto. Aliliangalia kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ya kupanga asiyoipenda.

Sasa nifike Alhamisi, na hapa nakuomba usome polepole.

Alhamisi mchana Hilda alikwenda sokoni. Mimi nilingoja apotee kwenye kona, nikaingia chumbani kuchukua sanduku langu, kwa sababu nilikuwa naondoka. Nilikuwa nimelipanga tangu usiku wa Jumatano na kuliacha wazi kidogo ili niweke kitabu cha sala mwisho. Nilikusudia kushuka Moshi, nilale kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, na Ijumaa alfajiri nipande basi la Tabora. Nilikuwa nimemwandikia Hilda karatasi ya mistari mitatu ya kumshukuru.

Sababu ni hii. Wiki iliyotangulia nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo, Hilda yuko bombani na Eliona, yule shoga yake wa kwaya. Nilimsikia akisema, "Alisema baada ya masika. Masika yameisha, kahawa inaanza kuiva, na chumba cha kahawa analala yeye. Mimi nipange vipi? Nimechoka, mwenzangu." Sikumlaumu. Ndivyo nilivyosema nilipokuja mwezi wa pili, na wewe ulikuwepo: kwamba Fredy, mtoto wa marehemu mume wangu, ananisubiri nirudi Sikonge mvua zikikatika. Mvua zilikuwa zimekatika.

Nilipoinua kifuniko nilimkuta Sista ndani. Alikuwa amelala juu ya kitenge changu cha msibani, amekiviringa vizuri kuliko nilivyowahi kukikunja mimi, anahema kwa mdomo wazi, na tumbo linakaza kisha linalegea. Sikuhitaji kitabu. Nilikaa sakafuni nikisema nitasubiri robo saa. Saa nane na dakika kumi akatoka wa kwanza ndani ya mfuko wake mwembamba. Mama akaupasua kwa meno, akamlamba mpaka akapiga kelele, akala kondo la nyuma. Baada ya dakika ishirini akaja wa pili. Kisha kila kitu kikasimama. Sista akalaza kichwa, akawanyonyesha wawili, akafumba macho.

Hilda alirudi saa kumi akanikuta pale pale. Alimtazama paka, akalitazama sanduku, akamwita Urbanus. Urbanus alisimama mlangoni akatangaza kwamba kazi imekwisha: ng'ombe akizaa wawili watu huandika kwenye kalenda, mnataka nini zaidi? Lakini niliweka kiganja tumboni taratibu nikasikia kitu kigumu kinasogea. Kitabu kilisema paka anaweza kupumzika saa kadhaa kati ya mtoto na mtoto, na hakuna ubaya mradi ametulia na ananyonyesha. Ubaya ni akisukuma kwa nguvu saa nzima na hakuna kinachotoka. Basi tukangoja. Hilda akaenda kukamua, akarudi.

Karibu na saa kumi na mbili Sista alianza tena kusukuma, na safari hii alilia. Vilitoka vijiguu viwili vya nyuma na mkia, vikakwama. Niliangalia saa yangu. Dakika tano, dakika kumi. Nilijua dalili zote, Filemon, lakini sikujua cha kufanya. Kurasa zangu nne zilikuwa zimeishia hapo. Hilda ndiye aliyenawa mpaka viwikoni, akashika vile vijiguu kwa kitambaa safi, akangoja Sista asukume, akavuta pamoja naye kuelekea chini, hivyo hivyo ndama anavyovutwa, ila kwa vidole viwili. Mtoto akatoka amelegea kama uzi. Hilda alimfuta pua, akamsugua mgongo, akamsugua, mpaka nikataka kumwambia inatosha. Kisha kikasikika kisauti chembamba kama cha mlango.

Hapo tulicheka kama wasichana. Hilda akafuta mikono, bado amepiga magoti, na macho yake yakaenda kwenye zile nguo chini ya paka. Aliziangalia moja moja. Halafu akasema yafuatayo, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Wifi, paka nimemjua jana. Wewe nimekujua tangu Jumatatu. Umekataa mtori mara tatu. Umefua mashuka katikati ya wiki. Umezunguka shamba zima unagusa migomba kama mtu anayeaga. Nikasema, huyu naye anatafuta pa kwenda."

Nilimwambia nilimsikia bombani. Hakukana. Alisema ni kweli aliyasema, alikuwa amechoka, na mtu akichoka husema. Lakini alichotaka ni tarehe, ajue kahawa ataiweka wapi. Hakuna siku aliyotaka niondoke. Na tarehe ya baada ya masika ilitoka mdomoni mwangu, si mwake. Ilikuwa kweli.

Akasimama akasema, "Haya. Hilo sanduku halipo tena. Mzazi wa kwetu hatoki ndani miezi mitatu. Tukifika Septemba tutaongea."

Alileta mabakuli mawili ya mtori, ile supu ya ndizi wanayopikiwa wazazi: moja la Sista, lililopozwa na lisilo na chumvi, na moja langu. Safari hii nilikula. Nilikuwa nimeisahau hiyo miezi mitatu, Filemon. Miaka arobaini na minne nje ya nyumbani ni mingi. Nilipojifungua yule mtoto wangu ambaye hamkuwahi kumwona, nilikaa ndani siku tisa, nikamzika, nikarudi kazini. Hapakuwa na mtu kule wa kuniambia kwamba mzazi hapikiwi siku tisa tu.

Jana Hilda alihamishia vitu vyangu chumba cha Pamela. Kahawa ikianza kukauka italala chumbani pamoja na Sista na wanawe, na Hilda anasema panya watajua wenyewe. Watoto wote watatu wananyonya. Yule aliyevutwa ndiye mkubwa kuliko wenzake. Mwambie Pamela akikupigia.

Lakini miezi mitatu hii ni ya paka. Mimi nina langu la kusema, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Fredy hajaniita. Hakuna anayenisubiri Sikonge. Nyumba aliiuza mwezi wa pili baada ya kumzika baba yake, akanipakia kwenye gari mpaka stendi ya Tabora, akaniambia mama ukapumzike kwenu. Sikuonewa, ile nyumba waliijenga baba yake na mama yake kabla sijafika. Maneno ya kwamba ananingoja niliyatunga ndani ya basi, mahali fulani baada ya Singida. Nilitaka nifike hapa kama mgeni. Mgeni hupokewa, anayerudi na sanduku moja akiwa na miaka sabini na moja huulizwa maswali. Nikajipa tarehe mwenyewe, na mkeo akaiamini kama mtu mwungwana, na nilipomsikia akiitaja nikaumia kana kwamba ameitunga yeye. Ijumaa hiyo nisingekwenda kwa Fredy. Ningekwenda kwa masista pale Tabora kuwabishia mlango, niwaulize kama wana kitanda cha mzee.

Kihamba hiki, shamba la ukoo wetu, ni chako, wewe kitinda mimba, ndivyo wazee walivyopanga, na binti aliyeolewa hana mgomba hapa. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo na sikuja kuligombania. Naomba tu, kama hutaona uzito, unipe kona ya kukaa hapa mpaka nitakapoitwa, na siku hiyo ukubali nilale chini ya migomba hii, miguuni pa kaburi la mama.

Urbanus anakusalimu, anasema hakukosea, ila paka amezaa kabla ya wakati. Mzee Melkior naye anasalimu na anauliza kama utakuja na ile betri uliyomwahidi. Ukila chakula cha mchana usikilie kwenye jua. Mgongo uupumzishe.

Nilipofika hapa katika kuandika nilimpa Hilda asome yote, maana sikutaka habari za Fredy azisikie kutoka kwako. Alisoma amesimama, polepole, taa ameishika mwenyewe. Mahali pa Fredy aliniangalia akarudi kwenye karatasi. Alipomaliza aliweka kidole kwenye ile sentensi inayoanza na "Naomba", akasema niifute, mtu haombi kwao. Nilimwambia mwenye kihamba ni Filemon, yeye ndiye wa kusema hivyo. Akasema basi nifute kwanza, halafu Filemon aseme.

Nimeikata, kama unavyoona, kwa kumheshimu mkeo. Lakini nimepitisha mstari mmoja tu, na kwa wino hafifu. Bado inasomeka.

Ni mimi dada yako,
Mektrida