Mkate Wangu Ungali Tashkent

Mpwa wangu Furaha,

Huku Durban tunapumua. Saluni ya mke wangu pale Albert Park inajaa watu. Unauliza kama niliogopa Tashkent, nilipokwenda kupiga ngoma. Mimi? Wao ndio waliniogopa! Lakini vituo vya treni vya Wasovieti, chini ya ardhi, marumaru tupu na taa kama za ikulu! Na mnara wa televisheni ulitoboa mawingu, naapa. Hata mimi nilivua kofia.

Nilipokuwa naondoka, mama mwenye nyumba niliyopanga akaning'atisha mkate, akautundika ukutani. "Huu ni wako, mwanangu, mpaka urudi." Ndiyo desturi yao wakiaga msafiri.

Sasa mama yako analia kwamba ukienda kusoma huko Tashkent hutarudi. Ng'ata mkate wake mbele yake, kisha uutundike ukutani kwake wewe mwenyewe.

Mjomba wako