Nota za Wimbo wa Baba

Kalangalala, Geita
Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mayu. Goti linaendeleaje? Kulwa aliniambia mvua imeharibu njia ya kisimani, nikajua tu kwamba bado unang'ang'ania ndoo badala ya kumwachia yeye. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ni ile ile ya karasha, kusaga mawe ya dhahabu tangu asubuhi, na nikitoka masikio yanavuma mpaka nimalize kula.

Ningeweza kupiga simu. Nimeandika kwa sababu nina jambo baya la kukwambia kuhusu memori kadi yenye rekodi ya Baba, na nikisikia sauti yako nitadanganya tena.

Unakumbuka ulivyonipa kadi ile siku naondoka Maganzo. Mwalimu mpya wa kwaya alikuwa amesema wimbo wa Baba hautaimbwa kwenye misa ya kutimiza mwaka tangu Baba afariki bila nota, maana waimbaji wa sasa wanasoma karatasi, hawafundishwi kwa kusikia kama alivyofundisha marehemu. Ukaniambia, "Kauandike, Doto, ila kadi yangu unirudishie." Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sikuuliza kwa nini unaisisitiza kadi kuliko wimbo.

Huku nina rafiki, Shabani, mwenye steshenari. Kompyuta yake ina programu ambayo ukiipa rekodi ya wimbo inakurudishia nota kwenye mistari mitano. Tulipoipa rekodi ya Baba, iliandika kila ilichosikia. Mbuzi aliyelia nje ya kanisa la kigango alipata nota. Pikipiki ilipata nota. Baba akihesabu "moja, mbili, tatu", Baba akiwafokea sauti ya nne wasikimbie, vyote vikawa nota. Shabani akacheka: "Mzee wako anaimba hata akigomba! Kata maneno, bakiza wimbo mtupu, itasoma vizuri."

Nikakata. Nilikata mwanzo wote, nikakata na mwisho, pale wimbo unapoisha Baba anapogeuka na kukuita, "Mama Kulwa! Hebu njoo usikie, umeiva!" halafu anakohoa, anacheka. Tulikuwa tunafanyia kazi humo humo kwenye kadi. Kompyuta ikauliza kama rekodi mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani, nikabonyeza ndiyo kama mtu anayefukuza nzi.

Wiki tatu nilikaa na wimbo ule kila nikitoka karasha, nikitenganisha sauti nne, maana programu ilizichanganya kama makande. Nilijivuna, Mama. Nilisema sasa Baba hatasahaulika.

Ndipo ukapiga Jumapili. "Doto, kadi inakuja lini? Tangu uichukue sijaitwa." Ukaendelea, unacheka kwa aibu, kwamba kila jioni ukishaosha vyombo ulikuwa unausikiliza wimbo mpaka mwisho, anakuita, unaitika "Abee", ndipo unakwenda kulala. Nikakwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzima.

Tumetafuta kila kona ya kompyuta ile. Kulwa amewauliza wanakwaya wa zamani bila kujua sababu, na hakuna mwenye rekodi nyingine. Kilichobaki ni nota za ule mwito, kwenye jaribio letu la kwanza. Shabani akazichezesha. Zikatoka kwa sauti ya kinanda, zikapanda, zikashuka, na jina lako halikuwemo. Shabani akatoka nje akaniachia duka, nikalia. Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja hata kuoa sijaoa.

Karatasi za nota nazituma na barua hii kwa basi. Ziko sahihi, nimezirudia zote. Mpe mwalimu. Kadi nayo imo ndani ya bahasha.

Nisalimie pacha wangu Kulwa na mke wake, na shangazi wa Runzewe akifika. Babu katekista mwambie sauti ya nne nimeiandika kama anavyoiimba yeye, pamoja na kuchelewa kwake.

Nisamehe leo, Mama, kabla hujaiweka kadi kwenye simu. Ukishafika pale mwisho ukasubiri kuitwa, sijui kama utaweza.

Mwanao,
Doto